Walisema Mungu njo aliwapa ule udongo

Ndugu wa shimo, bamama, vijana wa kampi na wa cité,

Mu mikutano yetu ya sendika kuko neno moja linalorudi kila mara kompani inapotaka kupanua shimo na kijiji kiko pale pembeni. Mutu mumoja anasimama, anasema: «Baache batoke, siye tupate kazi. Ule udongo uko paka bure, ni pori.» Mwingine anaongeza: «Hata mu Amerika bilikuwa vile. Balifukuza benye inchi, bakachimba, na leo beko ba kwanza mu dunia.» Watu wanapiga makofi, na mukutano unaendelea na mambo ya mushahara.

Ule mfano wa Marekani tunaukubali. Lakini tunaomba usomwe mpaka mwisho, juu wenye kuutaja wanasimama katikati, pale kauboi anashinda na filimu inaisha. Kisha kauboi kuko kompani. Kisha kompani kuko mutu wa shimo, mutu kama sisi, na yeye hakuna filimu inayomuonyesha.

Tuanze na bei. Mwaka 1803 Napoleon wa Ufaransa aliuzia Marekani inchi yote iliyoitwa Louisiana kwa dola milioni 15. Si mji, si jimbo: zaidi ya kilometa za mraba milioni 2, karibu sawa na Kongo yetu yote. Wenye kukaa pale, Waosage, Wapawnee, Wamandan, Walakota na wengine wengi, hakuna aliyewaita kwenye meza. Siku moja walikuwa kwao, siku ya pili walikuwa ndani ya karatasi ya mutu mwingine ambaye hawajamuona hata siku moja.

Kununua karatasi ni rahisi. Kutoa watu ni kazi ingine, na ile kazi inahitaji maneno makubwa. Mwaka 1845 mwandishi wa gazeti, John O'Sullivan, aliandika ya kwamba ni majaliwa yaliyo wazi ya Wamarekani kuenea juu ya bara lote, ambalo Mungu aliwapa juu watu wao walikuwa wanazidi kila mwaka. Angalieni vile lile neno limetengenezwa. Halisemi «tunataka». Linasema «tumeandikiwa». Mutu anayetaka, unaweza kubishana naye, unaweza kumuuliza bei. Mutu aliyeandikiwa na Mungu, utamuuliza nini?

Mwaka 1872 muchoraji John Gast alichora ile imani. Mu picha kuko mwanamuke mukubwa wa nguo nyeupe anayeelea hewani kuelekea mangaribi, amebeba kitabu cha shule na waya wa telegrafe anaoutandika njiani. Nyuma yake kuko jua, gari la moshi, walimaji. Mbele yake kuko giza, na ndani ya giza wenyeji wanakimbia pamoja na nyama za pori. Aliwaweka upande mumoja, watu na nyama. Ile picha ilichapwa na kuuzwa, watu wakaitundika mu nyumba zao kama vile wengine wanatundika picha ya Bikira.

Lakini neno la Mungu lilikuwa la siku ya Yenga. Neno lililofanya kazi siku zote lilikuwa lingine: udongo usiolimwa na jembe ni udongo bure, hauna mwenyewe. Na hata hilo halikuwa kweli. Wacherokee wa upande wa Georgia walikuwa wanalima. Walikuwa na mashamba, na nyumba, na sheria yao iliyoandikwa mwaka 1827, hata na gazeti lao lililoanza mwaka 1828 mu luga yao wenyewe. Njo kusema, yote Muzungu alisema hawana, walikuwa nayo. Mwaka 1829 zahabu ikapatikana mu milima karibu na kwao. Mwaka 1830 Rais Andrew Jackson akatia mukono sheria ya kuwahamisha. Mwaka 1832 tribinali kubwa ya Marekani ikawapa haki, ikasema Georgia haina uwezo juu ya inchi yao. Haki ilibaki mu kitabu. Mwaka 1838 waaskari wakaja nyumba kwa nyumba, wakatoa watu karibu 16 000, wakawasukuma mangaribi kwa miguu, na inahesabiwa ya kwamba karibu 4 000 walikufa. Basi mwenye kusema «bangelima, bangeachwa» atuambie Wacherokee walikosa jembe gani.

Na pale Mungu na jembe havikutosha, kulikuwa pamba. Mexico ilikuwa imefuta utumwa mwaka 1829. Wazungu walioingia Texas na watumwa wao hawakupenda ile. Mwaka 1845 Texas ikaingia mu Marekani pamoja na utumwa wake, mwaka 1846 vita na Mexico ikaanza, na Mexico ikapoteza karibu nusu ya inchi yake. Mu Marekani yenyewe kulikuwa watu walioona ule uongo. Abraham Lincoln, ambaye bado alikuwa tu deputé, alimuomba Rais Polk aonyeshe ile fasi kamili ambako damu ya Wamarekani ilimwagika «kwao». Hakupata jibu. Zahabu ya California ilipatikana tarehe 24 Januari 1848, na siku tisa nyuma Mexico ikatia mukono ya kuiacha ile California. Wenyeji wa kule walikuwa karibu 150 000 wakati ule; kisha miaka karibu makumi mbili na nusu walibaki karibu 30 000.

Haya yote tunayapita haraka, juu kwa mutu wa shimo fasi ya kusimama ni ingine. Ni milima ya Black Hills, mu Dakota, ile Walakota wanaita He Sapa.

Mwaka 1868 Leta ya Marekani ilifanya mapatano na Walakota na ndugu zao, mu Fort Laramie. Walakota hawakuomba huruma: walikuwa wamepigana miaka miwili na waaskari, na waaskari wakaacha kampi zao. Karatasi ilisema inchi kubwa, pamoja na ile milima, ni yao, na Muzungu asiingie bila ruhusa. Ikasema tena neno ambalo tunaomba kila delege wa sendika alishike mu kichwa: hakuna kipande cha ile inchi kitatolewa, isipokuwa robo tatu ya wanaume wote wakubwa watie mukono. Si chifu mumoja aliyepewa chupa. Robo tatu.

Karatasi nzuri kama ile ilikaa miaka sita. Mwaka 1873 banki za Marekani zilianguka, kazi zikapotea, watu wakashikwa na njaa mu miji. Mwaka 1874 Leta ikatuma mukubwa wa waaskari Custer mu ile milima na watu karibu 1 000, na kati yao kulikuwa watu wa kutafuta zahabu na waandishi wa magazeti. Mutu anaenda kutazama njia ya waaskari, juu ya nini anabeba mutafuta zahabu? Wakaipata. Magazeti yakapiga kelele. Na hapo wakaingia wale ambao sisi tunawajua vizuri: creuseurs. Hawakuwa matajiri. Walikuwa watu wa pelle na karai, waliopoteza kazi, wenye deni. Kwanza waaskari waliwatoa. Kisha, mwisho wa mwaka 1875, Rais Grant akaamuru kimya kimya waachwe wapite. Leta haikuvunja mapatano kwa mukono wake; iliacha njaa ya maskini wa kwake ivunje.

Walilomba Walakota wauze. Walakota wakakataa. Vita ikaanza, na tarehe 25 Juni 1876 Custer akafia pale Little Bighorn pamoja na waaskari wake. Filimu zinapenda siku ile. Sisi tunaangalia mwezi wa Agosti uliofuata, ambao hauna farasi wala bunduki. Mu ule mwezi wakubwa wa sheria mu Washington waliandika ya kwamba Walakota hawatapewa tena posho mpaka waachie ile milima.

Posho! Hakuna familia ya shimo mu Katanga inayohitaji kufasiriwa lile neno. Wababu zetu walipimiwa unga na mafuta na samaki kila juma, na mwenye kupima njo alikuwa bwana. Walakota walikuwa wanakula nyama ya mbogo wa kule, baizoni. Walikuwa mamilioni makumi, na mu miaka michache wawindaji wa biashara waliwamaliza kwa ajili ya ngozi, mpaka kufikia mwisho wa miaka ya 1880 hawakufika hata 1 000 waliobaki. Mutu aliyemaliza nyama yako, halafu anakupa unga, halafu anashika ule unga anakuambia: tia mukono. Hata hivyo, wanaume waliotia mukono walikuwa karibu 10 ku 100. Mapatano yalisema 75. Tarehe 28 Februari 1877 ikawa sheria.

Na ile silaha ya posho haikuwa ya wenyeji peke yao. Miaka tisa mbele, mwaka 1867, Wachina maelfu walikuwa wanachonga milima ya Sierra Nevada kwa kupitisha reli, ile sisi tunaita njanja. Walifanya greve. Walilomba mushahara sawa na wa Wazungu na saa za kazi zipunguzwe. Hawakupiga mutu, hawakuvunja kitu, walibaki tu mu kampi zao. Mukubwa wa kazi, Charles Crocker, hakutuma waaskari. Alikata chakula kisipande ule mulima. Kisha juma moja greve ikaisha. Reli ikamalizika tarehe 10 Mei 1869, na waliichora vile vile kama kazi ya majaliwa.

Tunarudi Black Hills, juu hapa njo watu wanafunga kitabu mapema. Wale creuseurs walioingia kwa nguvu, walipata nini? Zahabu ya juu juu, ile ya mito, iliisha haraka. Iliyobaki ilikuwa ndani ya jiwe, na jiwe linahitaji mashini, na mashini inahitaji makuta. Mwaka 1877, mwaka ule ule wa sheria, tajiri wa California, George Hearst, alinunua na wenzake ile fasi inayoitwa Homestake kwa dola 70 000. Yule Hearst alikufa akiwa seneta. Lile shimo lilienda chini mpaka karibu metre 2 400, likatoa zaidi ya tani 1 000 za zahabu mpaka kufungwa kwake mwaka 2002. Na creuseur? Akawa mutu wa mushahara, kama angekuwa na bahati.

Hatutaki kudanganya mutu: ile kazi ilikulisha watu. Mu mji wa Lead kompani ilikuwa na hospitali, kulikuwa duka kubwa la familia ya Hearst, shule ya watoto wadogo, maktaba ya bure. Wazee wetu waliokaa mu kampi wakati wa Union Minière na wa Gécamines ya zamani watasema: hata kwetu vile vile, na haikuwa mbaya. Ni kweli. Lakini mwaka 1909 sendika ya wachimbaji wa Lead ilisema kila mutu wa shimo aingie mu sendika. Kompani ikafunga milango mu Novemba, wakati baridi inaanza, na watu zaidi ya 2 000 wakabaki inje. Ilipofungua tena mu Januari, kila mwenye kutaka kazi alitia mukono juu ya karatasi kwamba yeye si wa sendika na hataingia mu sendika wakati wote atakapokuwa pale. Sendika ikafa. Iliishi miaka makumi tatu na zaidi, ikauawa na karatasi moja na njaa ya baridi moja.

Basi tuhesabu pamoja. Mwaka 1877 Mulakota: tia mukono ao hakuna posho. Mwaka 1910 mutu wa shimo: tia mukono ao hakuna kazi. Ule aliyepiga makofi siku Mulakota alipotolewa, mutoto wake alisimama mu theluji mbele ya mulango ule ule. Tunasema hivi kwa ndugu yetu wa «baache batoke»: kompani iliyozoea kutoa watu kwa karatasi ya uongo haiachi ile desturi ku mulango wa shimo.

Kuko na jambo lingine, na hili ni zito kulisema mu gazeti. Tarehe 2 Septemba 1885, mu Rock Springs, Wyoming, wachimbaji wa makaa Wazungu waliwashambulia wachimbaji Wachina wa shimo moja nao. Waliua 28, wakachoma nyumba zao. Sababu waliyotoa: Wachina wanakubali mushahara mudogo. Aliyepanga ule mushahara mudogo alikuwa nani? Kompani ya reli, yenye makaa yale. Kisha siku chache waaskari waliwarudisha Wachina ku kazi, makaa yakaendelea kutoka, hakuna muuaji aliyehukumiwa, na mushahara haukupanda. Ile imani ya majaliwa ilikuwa imewafundisha wale Wazungu maskini ya kwamba inchi ni yao kwa damu, na walipoona haikuwa yao mu mufuko, walitafuta mutu wa karibu wa kumpiga. Watu wa Likasi na wa Kolwezi walioona kituo cha gari la moshi mwaka 1992 na 1993, wakati ndugu zetu wa Kasai walikuwa wanalala pale na vitu vyao wakingoja kupanda, wanajua tunasema nini. Gécamines haikupona kwa sababu yao kuondoka.

Mwenye kusema hii yote ni mambo ya mbali, tunamkumbusha Bula Matari. Stanley, mbele ya kuja huku, alikuwa mwandishi wa gazeti mu Marekani, na mwaka 1867 alikuwa Kansas akiandika juu ya mapatano ya Leta na Wakiowa, Wakomanche na Wacheyenne. Aliona kwa macho yake vile karatasi inafanya kazi: mwenye kusoma upande huu, mwenye kuchora alama upande ule. Miaka makumi na zaidi nyuma alikuwa ku muto Kongo, akikusanya alama za machifu kwa ajili ya Leopold. Na inchi ya kwanza kutambua bendera ya lile shirika la Leopold ilikuwa Marekani, mu Aprili 1884, mbele ya Berlin kukaa. Tarehe 1 Julai 1885 Leopold akaandika ya kwamba udongo wote usio na mutu ni wa Leta. «Terres vacantes». Udongo bure. Lile neno mu mukutano wetu halikuzaliwa mu mukutano wetu.

Sasa kwa upande wa kazi. Code minier ya mwaka 2018 inadai kompani ifanye cahier des charges na watu wa pale inapochimba, na iweke pembeni angalau 0,3 ku 100 ya mauzo yake kwa maendeleo yao. Sisi wa sendika tunalomba mambo haya mbele ya kijiji chochote kuhamishwa: ile karatasi isomwe mbele ya watu wote kwa Kiswahili na kwa luga ya pale, isiwe tu mu Kifaransa mu biro, majina ya waliotia mukono yabandikwe ku mulango wa chifu na ku mulango wa shimo, na delege wa wafanya kazi awe pale siku ya kutia mukono. Mwenye kutia mukono kwa niaba ya kijiji, watu waulizwe kama wanamjua. Kama ni 10 ku 100 wenye kukubali, iandikwe 10. Mama mwenye shamba la mihogo ahesabiwe, juu mu 1868 walihesabu wanaume peke yao na sisi hatulazimishwi kuiga kila kitu. Na watu wa shimo wasitumwe na kompani kwenda kuvunja nyumba. Mwenye kutumwa akatae, na sendika itasimama nyuma yake.

Kuhusu Walakota, mambo yao hayajaisha. Mwaka 1980 tribinali kubwa ya Marekani ilisema waziwazi ile milima ilichukuliwa bila malipo ya haki, ikaamuru walipwe bei ya 1877 pamoja na faida ya miaka yote: zaidi ya dola milioni 100. Walikataa kuzichukua. Zile makuta ziko mu akaunti ya Leta, zinazaa, na leo zimepita dola miliari moja. Kuko Walakota maskini sana mu Pine Ridge, nyumba zao tunaweza kuzifananisha na zetu, na bado hawachukui. Wanasema hawajauza. Shimo la Homestake limebaki, ndani yake wenye elimu wanafanya utafiti wa vitu vidogo vya anga, na watu wa Lead waliokuwa wanashuka kila asubui wameshafungiwa kazi zaidi ya miaka makumi mbili. Walakota wanalomba milima.